Kalamu ya Mgeni, Mdomo wa Mzee

Januari 1945, Same iligeuka uwanja wa watu waliokaa chini. Maelfu ya wanaume walikuwa wameteremka kutoka milimani kwa miguu, wengine wakiwa wamesafiri siku nzima, wakaketi jirani na ofisi ya mkuu wa wilaya na kukataa kurudi makwao. Hawakuwa na mikuki. Walikuwa na dai moja tu: kodi mpya iondolewe. Kundi moja likichoka, jingine lilishuka kushika zamu. Chakula kilitoka juu, na habari zilipanda na kushuka kwa njia hizohizo za mteremko.

Kodi yenyewe ilikuwa imevishwa jina la zamani, mbiru, lililotumika kwa ushuru ambao watu walimpelekea mfumwa, mtawala wao, kabla ya Wazungu. Serikali ya Waingereza pamoja na baraza la machifu walidhani jina linalofahamika lingelainisha jambo. Lakini mbiru mpya haikufanana na ile ya mababu. Ilimtaka kila mtu akadiriwe kwa mali yake: ng'ombe wangapi, shamba ukubwa gani, kahawa kiasi gani. Na mkadiriaji alikuwa jirani, au mtu wa chifu, mwenye marafiki na mwenye visasi. Watu walisema wazi kwamba kulipa hawakatai. Walichokataa ni kuhesabiwa vyombo vya ndani. Vuta nikuvute hiyo iliendelea hadi mwaka 1947.

Wakati hayo yakitokea, aliyekuwa akiandika ni ofisa. Ripoti zilitoka Same kwenda Tanga, zikafika Dar es Salaam, nyingine zikavuka bahari hadi London. Ndani yake Wapare walionekana kama tatizo la utawala. Ilipita robo karne kabla ya kisa hicho kuandikwa kwa namna nyingine, katika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1971 kwa jina la kodi yenyewe, Mbiru, na aliyekiandika alikuwa Mpare: Isaria Kimambo.

Kutoka kwenye ripoti ya ofisa hadi kijitabu cha Kimambo kuna safari, na ndiyo historia ya vitabu vya Upare kwa ujumla. Tangu mwanzo, milima hii imekuwa na watu wa aina mbili nyuma ya kila kitabu: anayejua na anayeandika. Kwa muda mrefu hawakuwa mtu mmoja.

Upare wenyewe hauonekani kwa urahisi kwa anayepita chini. Basi la Arusha linapokata tambarare kavu ya mikonge na vichaka, abiria huona ukuta wa mlima upande mmoja na kudhani ni mawe matupu. Juu kuna dunia nyingine: migomba, kahawa, tangawizi ya Mamba, misitu yenye ukungu, na kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462. Kaskazini ni Usangi na Ugweno, ambako leo ni Wilaya ya Mwanga. Kusini ni Mbaga, Suji, Chome, Gonja na wenzao, wote wa Wilaya ya Same. Wenyewe hujiita Vasu, na lugha yao ni Chasu, isipokuwa Wagweno ambao lugha yao iko karibu zaidi na ya Wachaga. Hata jina "Pare" lina simulizi lisemalo kwamba lilitoka kinywani mwa majirani, siku za mapigano, walipohimizana kumpiga adui. Iwe ni kweli au ni utani wa watani, limebaki.

Misafara ya karne ya 19 ilipita chini hukohuko. Njia ya bonde la Pangani iliwaleta wafanyabiashara wa pwani waliotafuta pembe za ndovu na watumwa, nao wakaweka vituo Gonja na Kisiwani. Kwa msafiri wa wakati huo milima ilikuwa mahali pa kununulia chakula na maji kabla ya kuendelea Kilimanjaro. Na waliokuja kuandika waliandika wakiwa na macho ya watu wa njiani.

Mfano wake ni Oscar Baumann, Mwaustria mchora ramani. Mwaka 1888 yeye na mwenzake Hans Meyer walikamatwa na watu wa Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani, wakatiwa minyororo, wakaachiliwa kwa fidia. Hilo halikumzuia Baumann kurudi. Mwaka 1891 alichapisha mjini Berlin kitabu kikubwa kuhusu Usambara "na maeneo jirani yake". Upare umo humo, kati ya hao majirani. Ramani zake zilikuwa za thamani, na maelezo yake juu ya vijiji, mazao na watu bado husomwa na watafiti. Lakini jalada limesema yote: kitabu cha mtu mwingine, na Upare ukiwa mgeni ndani yake.

Haikuwa tofauti sana katika Kiswahili. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi karibu na wakuu wa Kikilindi, watawala wa Usambara, aliandika Habari za Wakilindi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kitabu kilichokuja kutolewa upya mwaka 1962 na kuwa miongoni mwa nguzo za nathari ya Kiswahili. Ni kazi ya mtu anayejua maneno na anayejua vita. Hata hivyo kitovu chake ni Vuga, ikulu ya Usambara. Wapare wanaingia na kutoka kama majirani wa upande wa pili wa bonde, mara washirika, mara waliovamiwa.

Waliokaa milimani muda wa kutosha kujifunza lugha walikuwa wamisionari. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini, Usangi, mwaka 1900. Waadventista Wasabato walifika mwaka 1903 na kuanza kazi Giti, upande wa Mamba, mahali walipopaita kwa Kijerumani Bonde la Amani. Tangu hapo milima ikawa na watu wenye karatasi, wino, saa nyingi za jioni na sababu ya kuuliza maswali. Mtu hawezi kuhubiri asipojua neno la "dhambi" katika lugha ya wenyeji, na kulipata neno hilo kunamlazimu kuuliza habari za mizimu, laana, tambiko na mauti.

Ernst Kotz wa Waadventista ndiye aliyeanza na lugha. Mwaka 1909 alichapisha sarufi ya Chasu kwa Kijerumani, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za makoloni. Lugha iliyokuwa imeishi vinywani kwa karne nyingi ikajikuta imepangwa katika majedwali: ngeli hizi, nyakati hizi, vitenzi hivi. Kuna jambo la kuchekesha katika kazi ya namna hiyo. Mtoto wa Suji alizijua kanuni zote za Kotz kabla ya kuota meno ya pili, ila hakujua kwamba ni kanuni. Kotz alizijua kanuni, na bila shaka watoto waliendelea kumsahihisha.

Kazi hiyo ilizaa nyingine. Agano Jipya kwa Chasu lilichapishwa mwaka 1922, na kwa familia nyingi za milimani kusoma kwa lugha ya mama kulianzia hapo. Mwaka huohuo Kotz alitoa huko Hamburg kitabu cha mila na desturi za Wapare.

Jina la kitabu hicho linastahili kutazamwa kidogo. Kotz alikiita, kwa Kijerumani, kitu kama "Katika Kifungo cha Hofu". Miaka sita kabla, mwaka 1916, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Mbaga, Jakob Janssen Dannholz, alikuwa amechapisha chake: "Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu". Madhehebu mawili yaliyogombea waumini katika vilima vilevile, waandishi wawili waliotazama mila zilezile, na majalada mawili yanayoanza kwa maneno yaleyale. Mpare wa vitabu hivyo amefungwa tayari kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Waliokusudiwa kuvisoma walikuwa Wakristo wa Ujerumani waliochangia misheni kwa sadaka zao, na sadaka hutoka kirahisi zaidi pale anayesaidiwa anapoonyeshwa akiwa gizani.

Ukivuka majalada, mambo hubadilika. Dannholz hasa alikuwa msikilizaji mzuri. Aliandika juu ya nguvu ya neno linalotamkwa na mzazi, juu ya laana inayomfuata mtoto na baraka inayoiondoa, juu ya matambiko ya ukoo na kazi ya mganga, kwa kina ambacho mtu hakipati kwa kuchungulia dirishani. Mambo hayo yalisemwa na watu. Kuna mzee aliyekaa na mgeni, akaeleza, akaulizwa tena, akarudia, pengine akaficha alichotaka kukificha. Katika vitabu vya wakati huo mzee huyo kwa kawaida ni "Mpare mmoja" au "wenyeji husema". Jina lililochapwa kwenye jalada ni la aliyesikia.

Dosari hii haikuwa ya Upare peke yake, wala ya wakoloni peke yao. Ipo mbali kabisa, katika mchezo ambao Same haina hata kiwanja chake. Atakayetaka kuucheza itambidi apande basi hadi Moshi, zaidi ya kilomita 100. Ni gofu. Bunge la Scotland liliupiga marufuku mwaka 1457 kwa kuwa uliwafanya vijana waache mazoezi ya upinde. Mchezo ukadumu licha ya sheria. Kitabu cha kwanza cha kuufundisha kwa nathari kilitoka mwaka 1857, miaka 400 kamili baadaye, na mwandishi wake, Henry Farnie, alikificha nyuma ya jina la bandia. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa mtu wa kalamu, aliyekuja kujulikana London kwa kutafsiri michezo ya kuigiza ya kuimba.

Waliokuwa wakiujua mchezo kwa mikono yao, watengeneza fimbo na mipira, wabeba mifuko, watunza viwanja, waliendelea kuwa wa kuandikwa. Mwaka 1896 ndipo Willie Park mdogo, fundi wa fimbo wa Musselburgh aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1887 na 1889, alipotoa kitabu kinachotajwa kuwa cha kwanza cha gofu kuandikwa na mchezaji wa kulipwa. Baba yake ndiye aliyeshinda mashindano hayo yalipochezwa mara ya kwanza, mwaka 1860. Kwa mara ya kwanza msomaji alisikia sauti ya mtu aliyekuwa na malengelenge ya kazi mikononi.

Na kuna Harvey Penick wa Austin, Texas, ambaye wazee wa Mbaga wangemwelewa haraka kuliko wengi. Alianza kubeba mifuko ya wachezaji akiwa na miaka minane, akawa mwalimu, na kwa miongo kadhaa aliandika alichokiona katika daftari jekundu alilolifungia. Mtu pekee aliyemwonyesha alikuwa mwanawe, aliyerithi kazi yake. Uzeeni alimpa mwandishi Bud Shrake, na kitabu chao kikatoka mwaka 1992, Penick akiwa na miaka 87. Zaidi ya nakala milioni moja ziliuzwa. Elimu iliyokuwa ya baba na mwana ikawa ya kila mwenye kununua kitabu. Kwenye jalada yalikuwapo majina yote mawili, la mjuzi na la mwandishi.

Upare ulimpata Willie Park wake miaka ya 1960.

Isaria Kimambo alikuwa mtoto wa milima hiyo aliyepitia shule za misheni, akafundisha, kisha akaenda kusoma Marekani, ambako alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Alirudi wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikijijenga. Idara yake ya historia, chini ya Terence Ranger, ilikuwa imejitwika kazi ya kuonyesha kwamba Mwafrika alikuwa na historia kabla ya meli za Wazungu kutia nanga, na kwamba alikuwa mtendaji ndani yake. Kimambo na Arnold Temu walikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kufundisha hapo.

Tatizo lilikuwa ushahidi. Upare wa kale haukuacha maandishi, na mwanahistoria wa zamani angesema basi, hapana historia. Lakini mwaka 1961 Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo na Rwanda, alikuwa ametoa kitabu kilichoonyesha jinsi masimulizi ya mdomo yanavyoweza kupimwa: linganisha la ukoo huu na la ukoo ule, uliza nani ananufaika na toleo hili, hesabu vizazi. Kimambo akapanda milima na njia hiyo mkononi. Aliwahoji wazee wa koo mbalimbali, kaskazini na kusini. Tofauti yake na Dannholz ilikuwa kubwa kuliko rangi. Dannholz aliuliza Wapare wanaamini nini. Kimambo aliuliza walifanya nini, lini, na chini ya nani. Swali la kwanza huzaa kitabu cha mila zisizo na tarehe. La pili huzaa kitabu cha watu wanaopindua serikali.

Na walipindua. Mwaka 1969 kilitoka Nairobi kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare, kuanzia takriban mwaka 1500 hadi 1900. Kiini chake ni Ugweno. Humo tunakutana na Washana, ukoo wa wafua chuma. Aliyeshika siri ya kuyeyusha chuma alishika jembe, na aliyeshika jembe na mkuki alishika watu; chuma cha Ugweno kilitafutwa hadi Uchagani. Utawala wa wahunzi hao uliangushwa na ukoo wa Wasuya wakiongozwa na Angovi. Lakini anayekumbukwa zaidi ni mwanawe, Mranga, aliyepanga upya mambo: jando likawekwa chini ya usimamizi wa dola, mabaraza yakapangwa kwa ngazi, wasaidizi wa mtawala wakapewa kazi maalumu. Msomaji aliyezoea kusikia kwamba serikali ililetwa na boma la Mjerumani alikuta hapa baraza, mawaziri na mapinduzi, yote yakiwa yametukia kabla Mjerumani hajajua kuna mlima.

Mwaka huohuo wa 1969 Kimambo na Temu walihariri historia ya Tanzania nzima, kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi. Hivyo mtu yuleyule alikuwa akiandika taifa kwa mkono mmoja na mlima kwa mwingine. Huenda ndiyo sababu Ugweno wa kitabu chake unafanana kidogo na jamhuri changa: una viongozi wenye maono, taasisi na umoja. Wakosoaji walilisema hilo, na mwenyewe hakulikwepa.

Kisha akageukia kisa alichokuwa karibu nacho zaidi. Kijitabu cha Mbiru hakikuhitaji hesabu ya vizazi. Waliokaa chini Same mwaka 1945 walikuwa bado hai, wengine wana nguvu za kulima. Kimambo alikuwa na mafaili ya serikali na alikuwa na midomo ya walioandikwa ndani ya mafaili hayo. Vikiwekwa pamoja, "ghasia" za ofisa ziligeuka upinzani uliopangwa, wenye zamu, wajumbe, michango na hoja. Wakulima walikuwa wameisoma sera ya kodi na kuona mahali inapovuja.

Kulikuwa bado na midomo isiyosikika vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Jean O'Barr aliandika makala juu ya wanawake wa Upare katika mgogoro huo. Wanaume walipokuwa wakishinda Same, shamba, watoto na chakula cha waandamanaji vilibaki mikononi mwa wake zao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi walichoka kusubiri. Walimwendea mkuu wa wilaya alipopanda huko na kumpa masharti: amalize shauri ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo yeye mwenyewe awape mimba wote. Hakuna mfuko wa faili ulioandaliwa kwa hoja ya namna hiyo. Mzaha wake ulikuwa mkali kwa sababu ulikuwa hesabu kamili: serikali imechukua wanaume, basi ilipe deni kwa namna ileile.

Miaka ishirini baada ya Mbiru, Kimambo alirudi kwenye milima ileile na swali jingine. Kitabu chake cha mwaka 1991 kinatazama Wapare na uchumi wa dunia kuanzia mwaka 1860 hadi 1960. Mashujaa wa Ugweno wamepungua humo. Wameongezeka wafanyabiashara wa pembe na watumwa, mashamba ya mkonge, kahawa, vibarua, kodi na bei zilizopangwa mbali. Mwaka 1993, katika mhadhara wake wa uprofesa, alipima miongo mitatu ya uandishi wa historia pale Dar es Salaam, kazi zake zikiwamo. Wako waandishi wengi wanaotetea kitabu cha ujana wao mpaka kaburini. Kimambo alikiandika upya.

Wengine walijaza pembe alizoziacha. Cuthbert Omari, mwanasosholojia wa Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1990 kitabu juu ya Mungu na ibada katika jamii ya kale ya Vasu. Ni eneo lilelile la Dannholz na Kotz, lakini neno "kifungo" limetoweka kwenye jalada. Kinachojadiliwa ni ibada, kama ambavyo mtu angejadili ibada ya Wayahudi au ya Wajerumani. Misitu ya mpungi, walikotambikia watu wa ukoo, na misitu ya mshitu, iliyokuwa ya jando, ikaanza kuonekana katika maandishi ya wataalamu wa mazingira pia, kwa kuwa mara nyingi ndiyo miti mikubwa iliyosalia kijijini.

Maji nayo yakapata waandishi wake. Wapare walichimba mifongo, mifereji inayozungusha maji ubavuni mwa mlima, na kujenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu. Ndiva ya Manoo, upande wa Bangalala, imewavuta watafiti wa kilimo kutoka nchi kadhaa. Mwaka 2002 Michael Sheridan, mwanaanthropolojia Mmarekani, aliandika makala kuhusu mifereji ya Upare Kaskazini na kuonyesha kwamba wazee walizungumzia kinywa cha mfereji kwa lugha ya uzazi, kama tumbo la mama. Mhandisi angeona hapo mlango wa maji. Mzee aliona mahali ambapo utaratibu wa jamii ukivurugika, shamba la bondeni halizai.

Ukizipanga kazi hizi zote kwenye rafu moja, kuanzia Baumann wa 1891 hadi historia mpya ya Tanzania ambayo Kimambo aliitoa mwaka 2017 pamoja na Gregory Maddox na Salvatory Nyanto, miaka 48 baada ya ile ya kwanza, utaona mwandishi akikaribia mlima hatua kwa hatua. Alianza kwenye njia ya msafara. Akajenga nyumba ya misheni. Mwishowe akawa mtoto wa hukohuko.

Rafu hiyo ina kasoro moja isiyofichika. Baumann ni Kijerumani. Sarufi ya Kotz ni Kijerumani, na kitabu chake cha mila ni Kijerumani. Kimambo, Omari, O'Barr, Sheridan: Kiingereza. Mkulima wa tangawizi wa Mamba, anayesoma gazeti la Kiswahili kila linapofika na Agano Jipya la Chasu kila Jumamosi, amezungukwa na vitabu vinavyomhusu asivyoweza kuvisoma. Alichosema babu yake kiliondoka milimani kwa Chasu, kikahifadhiwa kwa lugha nyingine, na bado hakijarudi.

Muswada mkubwa wa Dannholz ulirudi nusu ya njia. Mambo mengi aliyoyakusanya Mbaga hayakuingia katika kitabu cha 1916, na mwaka 1989 yalitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza, katika kitabu kuhusu laana na baraka. Safari hii hakuna kifungo juu ya jalada. Maneno yaliyotangulia ni ya wenyeji wenyewe: Lute, Luvivi, Lwedi. Bibi yeyote wa Mbaga akionyeshwa jalada hilo atayasoma hayo matatu, na huenda akaanza kusimulia kabla mjukuu hajafungua ndani.